Paa la Peugeot ya Babu

Mnunuzi alilizunguka gari, akapapasa boneti, akaingia akashika usukani, akatoka na kutaja bei ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake. Kisha akatoa sharti: paa likatwe. Alikuwa na biashara ya kukodisha magari ya harusi, na kwenye simu yake alikuwa na picha ya Peugeot 404 ya wazi, nyekundu, maharusi wamekaa nyuma wanapunga mikono. "Mzee," alimwambia baba, "mkilifungua juu likawa kama hili, nalipa siku hiyo hiyo." Baba akakataa. Baba mdogo alikuwa ameegemea geti, kimya, na kimya kile ndicho kilicholeta balaa nyumbani kwetu, mtaa wa Daraja Mbili, chini ya Mlima Meru.

Picha ile ilikuwa ya kweli. Peugeot 404 ya kawaida ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Kuanzia 1961 hadi 1968 Pininfarina hao hao waliunda kule Turin bodi za 404 ya wazi: milango miwili, turubai la kukunja, gari la anasa lililouzwa ghali kuliko lile lenye paa. Babu hakununua hilo. Alinunua la milango minne, mkono wa pili, kwa mwenye shamba la kahawa upande wa Tengeru, na sababu yake aliirudia mpaka siku zake za mwisho: mbio za magari za Safari Rally. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell walishinda mbio zile mwaka 1966, wakarudia 1967, mara zote kwa 404. Kabla yao Nick Nowicki alishinda kwa 404 mwaka 1963, na baada yao akashinda tena 1968, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili ya ushindi wa Nowicki ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mbio zilikuwa za Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru anaujua udongo wetu wa Aprili unavyomeza tairi. Kwa babu, gari lililovuka tope la namna ile halikuhitaji kusifiwa na muuzaji.

Babu alipofariki, gari lilibaki chini ya mparachichi. Kuku walitagia kwenye buti. Baba alipostaafu ualimu na mafao yake yakaingia, mama alikuwa na hesabu zake tayari: vigae sebuleni na tangi la maji juu ya mnara. Baba naye alikuwa na hesabu yake. Wiki kadhaa nyumbani kwetu chakula kilipakuliwa bila maneno. "Mwalimu," mama alisema hatimaye, "litengeneze, lakini likishapona liuzwe, na tangi langu litoke humo."

Likatengenezwa. Injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,618, iliyolazwa ubavu ili boneti iwe ya chini, ilifunguliwa yote na kumwagwa juu ya turubai uani. Uzuri wa injini ile ni kwamba slivu zake huchomolewa zikawekwa nyingine, kwa hiyo haikuwa lazima bloku itupwe. Viti vilishonwa upya na fundi wa makochi wa Mbauda. Bodi ilinyooshwa, ikapigwa puti, msasa, kisha rangi ya maziwa kama ya zamani. Siku lilipowaka, bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake." Nilikuwa sijamwona baba akilia tangu msiba wa babu.

Sasa turudi kwa baba mdogo. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba alimfuata yule mnunuzi barabarani akachukua malipo ya awali. Siku baba alipokwenda kwenye maziko Usa River, na mama yuko soko la Kilombero, baba mdogo aliingia na kijana mwenye grinda na waya mrefu wa umeme. Bibi alisikia ule mlio akadhani ni jirani anatengenezewa geti. Mama aliporudi alikuta nguzo ya nyuma ya kushoto, ile inayobeba paa pembeni ya kioo, imekatika yote, na vumbi la chuma limetapakaa juu ya viti vipya. Aliweka kikapu chini, akaenda ukutani akachomoa plagi.

"Shemeji," alisema, "gari hili ni la baba yenu. Wewe peke yako si baba yenu."

Kesho yake aliletwa fundi mzee wa bodi kutoka Unga Limited. Hakumkemea mtu. Aliweka jeki chini ya gari, nyuma upande wa kushoto, akamwambia baba mdogo asogee aangalie pale palipokatwa. Mkato ulikuwa na upana wa jiwe la grinda, ukucha ukipenya bila taabu. Fundi akaanza kupandisha jeki taratibu, na mkato ukaanza kufumba, mpaka vyuma viwili vikagusana vikalia. Akajaribu kufungua mlango wa nyuma, ukakwama kwenye fremu. Aliposhusha jeki, mkato ukaachama tena.

"Land Rover ya zamani ina chesisi," akasema. "Ukiivua bodi yote bado inatembea. Hili halina. Sakafu, nguzo na paa vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na hicho ndicho chesisi. Hilo la kwenye picha liliundwa bila paa tangu mwanzo, likaongezewa nguvu chini. Hili ukilikata litakatika kiuno na maharusi ndani."

Baba mdogo aliendelea kuinama pale muda mrefu, kidole kwenye mkato. Mimi nilikuwa upande wa baba tangu mwanzo, na nikimsikiliza yule mzee nilizidi kuamini kwamba kufufua gari ni kulirudisha kwenye hali liliyozaliwa nayo. Tukilipa umbo la gari jingine, tumelizika kwa mara ya pili, tena kwa gharama.

Nguzo iliungwa kwa bati jipya ndani na nje, ikasagwa, ikapakwa rangi. Likaja tatizo la karatasi. Mnunuzi mwingine, mwenye nyumba ya wageni upande wa Njiro, alilitaka na paa lake, lakini kadi ya gari ilisoma jina la babu. Marehemu hasaini. Ikabidi kiitishwe kikao cha ukoo, shangazi akapanda basi kutoka Babati, muhtasari ukaandikwa kwa mkono na kusainiwa na wote, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo ili baba athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Ndipo mamlaka ya mapato, TRA, wangeweza kuhamisha umiliki.

Kwenye kikao hicho baba mdogo alisimama mwenyewe, kabla hajaulizwa. Alisema malipo ya awali aliyatumia kukomboa pikipiki yake, na akaomba yakatwe kwenye fungu lake pamoja na gharama ya kuchomelea. Shangazi alitaka aongezewe na faini ya mbuzi. Bibi akasema mbuzi hatujadai, ila amrudishie yule mtu hela yake mkononi, yeye mwenyewe, na amwombe radhi. Akaenda.

Mauzo yalipokamilika bibi alipewa fungu lake kwanza, mama akapata tangi, vigae vikasubiri. Mnunuzi wa Njiro alikaa kwenye usukani akagundua hajui gia za kwenye stelingi. Wote aliowaajiri wamezoea gia za chini. Akauliza ni nani anaweza kumwendeshea siku za harusi. Baba alimtazama mdogo wake kwa muda, akamrushia funguo.