Hatua nane za kuipeleka familia kutazama wanyama ukitokea Mbingu

1. Chagua pa kwenda. Usiuze debe la mpunga ili watoto wakapange foleni Sabasaba, Dar es Salaam, kumwona simba aliyelala nyuma ya wavu. Serikali ilipofungua bustani ya wanyama kisiwani Saanane, Mwanza, mwaka 1964, wanyama ilibidi wavushwe ziwani. Sisi wa Mbingu hatuna haja ya hayo: tunalala chini ya milima yenye wanyama wake. Pitia Ifakara, shuka Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na mwenyeji hulipa kiingilio cha mwenyeji. Beba kitambulisho.

2. Kagua miguu ya msafara. Udzungwa hutembelewa kwa miguu, hakuna gari la kukuzungusha humo. Shangazi aache viatu vya harusini. Mjomba anayejua kila kitu aje, ila atembee nyuma ya mwongozaji wa hifadhi, na asimsahihishe.

3. Usimwahidi mtoto simba. Ukimwahidi simba, siku nzima atakuuliza simba yuko wapi, na mbega mwekundu atampita juu ya kichwa asimwone. Mwahidi walio wetu: mbega mwekundu wa Udzungwa na kima aitwaye ng'olaga wa Sanje. Hawa makwao ni milima hii na misitu iliyo jirani nayo, basi. Mtoto wa Ulaya anayetaka kumwona ng'olaga porini lazima apande ndege. Wako anapanda Noah.

4. Nyamaza. Mnyama hana deni nawe, kwa hiyo usimpigie miluzi wala makofi ili ageuke upige picha. Zima muziki wa simu, kisha sikiliza. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimjua ng'olaga kwanza kwa mlio wake msituni. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza alikwisha kumfahamu kitambo, akawapeleka kumwona mtoto wa ng'olaga, yatima, aliyefungwa kamba mtini. Wasimulie watoto kisa hicho papo hapo njiani: babu zao walijua mambo ambayo sayansi ilikuwa bado kuyaandika.

5. Funga chakula. Wali wako wa Kilombero ni mtamu, na nyani wa getini wanalijua hilo. Usiwape hata tonge. Nyani akizoea mkono wa mtu, kesho huingia jikoni na shambani, na huko atakutana na rungu. Huruma yako ya ndizi moja ndiyo itakayomuua. Ganda la ndizi nalo lirudi nyumbani na mwenyewe.

6. Gawa njia kwa umri. Bibi na wadogo waende kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, njia fupi iliyo karibu na makao makuu ya hifadhi. Vijana wenye pumzi wapande Sanje, ambako maji huanguka mita 170. Asiyefika juu asichekwe.

7. Inama. Wakubwa hutafuta mnyama mkubwa, lakini utajiri wa milima hii mwingi ni mdogo kwa umbo. Mwaka 2008 sayansi ilimtambulisha sange wa Udzungwa, mwenye pua ndefu na uzito unaokaribia gramu 700, mkubwa kuliko sange wote waliojulikana. Mwaka uliofuata ikamtambua kinyonga wa Magombera, msitu ulio hapo bondeni. Mmoja wa vinyonga hao wa kwanza alipatikana baada ya nyoka kumtema mbele ya mtafiti. Mpe mtoto kazi ya kutafuta kilicho kidogo, naye hatalalamika kuchoka.

8. Wakati wa kurudi, endeleeni na somo. Karibu na Mang'ula waonyeshe watoto ushoroba wa Kilombero, ambako tembo wamejengewa njia chini ya barabara ili wavuke kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere bila kugongwa wala kukanyaga mashamba. Waambie kwamba wanavijiji walitoa ardhi ili njia hiyo iwepo. Kisha waambie habari za sheshe, swala wa bondeni. Bonde letu, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia, ndilo lililokuwa na sheshe wengi kuliko popote duniani. Mashamba, mifugo na uwindaji vimewapunguza sana.

Mkifika nyumbani, jirani akibisha hodi usiku na kifurushi cha nyama ya porini, mrudishie mbele ya watoto. Huwezi kuwapeleka asubuhi kumtazama mnyama, halafu jioni ukamweka sahanini. Watoto wa Mbingu wana haki ya kuwakuta sheshe na ng'olaga wakiwa hai, nao wakawaonyeshe wajukuu wetu. Anza Jumamosi hii.