Sifa za Mavi ya Ngagi

Wengine wamesifu dhahabu ya Kivu mpaka ikawaponza wenye Kivu. Mimi, baada ya kuwaomba radhi walioko mezani, nayasifu mavi. Tena si mavi ya yeyote: ni ya ngagi wa milimani, yanayoachwa kila alfajiri katika misitu ya sekta ya Mikeno. Mbuga ya Virunga, yenye makao yake makuu Rumangabo, inadaiwa nayo zaidi kuliko inavyokiri.

Ngagi hujitandikia kiota kipya cha majani kila usiku, na anapoondoka huacha mzigo wake humo humo. Uinamie uone: mabonge yaliyoshikana, yamejaa nyuzi za majani na machipukizi ya mianzi, na harufu yake ni ya majani yaliyovunda kuliko ya choo. Makubwa kabisa, penye nywele za rangi ya fedha, ni ya dume mwenye familia. Vikiwepo vibonge vidogo kando ya vikubwa, hapo alilala mama na mwanawe. Ni daftari la wakazi lisilohitaji karani wala kitu kidogo cha karani.

Na halisemi uongo. Kule Bwindi, Uganda, mwaka 2006 viota vilihesabiwa vikatoa ngagi 336. Mavi yakapelekwa maabara ya Leipzig, Ujerumani, chembe za utumbo zilizobaki ndani yake zikasomwa vinasaba, zikatoa 302. Kumbe wapo wanaotandika viota viwili usiku mmoja! Mheshimiwa gani wa uchaguzi angekubali kupunguziwa watu 34 hivi hivi, kwa ushahidi wa kinyesi?

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Kweli, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu ya kale hayafai: mvua ikishayapiga, vinasaba huharibika. Inabidi kuyawahi. Ndiyo maana mwaka 2015 na 2016 watu wa Kongo, Rwanda na Uganda walizunguka milima ya Virunga wakifuata nyayo mpya, wakichota vipande kwa uangalifu na kuvitia kwenye vichupa kama wanaofunga ubani. Jibu lilitoka mwaka 2018: ngagi 604. Mwaka 2010 walikuwa 480, na mwanzoni mwa miaka ya themanini walikadiriwa kuwa 250 na kitu.

Maiti za ngagi dume Senkwekwe na wenzake, waliouawa kwa bunduki Julai 2007, zilipigwa picha zikazunguka dunia. Biashara ya makala, yaani makaa ya miti, nayo imeandikiwa makala nyingi. Mavi, yaliyoleta habari njema, hayakupata hata kichwa cha habari. Novemba 2018 ngagi wa milimani walishushwa kutoka orodha ya walio hatarini kabisa kwenda ya walio hatarini, na kila mkubwa alikuwa na hotuba yake. Sikusikia hata mmoja aliyewataja mashahidi wenyewe.

Msomaji, ukijaliwa kupanda kwenda kuwaona, ujue heshima ilivyogawanywa huko juu. Ya ngagi yalisafirishwa hadi Ulaya. Ya kwako, ukibanwa njiani, sharti uyachimbie shimo la sentimita 30 na kuyafukia, yasije yakamwambukiza mwenye msitu.