Mimi Ni Kidole Tu

Jirani, kabla hujaniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu, wacha nikwambie: si pombe. Pombe nitanunua na nini? Ni grupu. Grupu la WhatsApp la kina mama wa hapa Muthangari. Mke wangu ndiye admini, na mimi ndiye kidole.

Sikia. Mama Watoto hupika chapati za oda. Mimi nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni, mikono yake iko kwenye unga mpaka kiwiko. Simu inalia juu ya friji. Inalia tena. Nani ataishika? Si yule ambaye ameketi kwenye stuli ya plastiki anatazama mpira na sauti imezimwa? "Baba, soma." Nasoma. "Jibu hivi." Najibu. "Huyo mtoe." Namtoa. Mama wa watu, ghorofa ya sita, ana lifti, ana mbwa anayekula vizuri kuliko mimi, anatolewa kwenye baraza la haki za wanawake na mwanamume aliyevaa kaptula iliyopasuka matakoni.

Na hata simu yenyewe hainipendi. Kuna mama alifiwa, nikaandika "pole sana". Simu ikajua kuliko mimi, ikaweka "police sana". Na stesheni ya Muthangari iko hapo tu. Yule mama akatoka mwenyewe, hakungoja kutolewa.

Sasa balaa lenyewe ni hili. Mchana mimi ni soja kwenye geti la hayo maghorofa. Yule niliyemtoa saa tatu usiku, saa moja asubuhi namfungulia geti na kumpigia saluti. Anashusha kioo. "Soja, huyo admini wa grupu la kina mama hana adabu kabisa." Nasema, "Kweli, madam." Nitasema nini kingine? Gari linapita, linanirushia maji ya dimbwi. Nasema asante.

Grupu hili halikuanza na vita. Lilikuwa la kuulizana shule gani haina karo ya kutisha, fundi gani wa mabomba haibi, na bodaboda gani anapokonya watu simu kule karibu na Waiyaki Way. Wamo wa ghorofani, wamo wa SQ, vile vyumba vya watumishi, kama sisi, wamo wanaovuka kila asubuhi kutoka Kangemi na Kawangware kuja kufua na kulea. Kanuni nilizichapa mimi, Mama Watoto akinisomea huku anasukuma. Moja, heshima. Mbili, matangazo ya biashara ni Ijumaa pekee, na usiniulize kwa nini chapati zetu hutangazwa hata Jumatatu. Tatu, hakuna waume humu. Nne, HAKUNA SIASA. Ya tatu naivunja kila jioni na hakuna aliyekufa. Ya nne ndiyo imetuua.

Kwani siasa ni nini? Mimi nilidhani ni wale watu wa kupanda juu ya gari. Kumbe ni kila kitu, inategemea nani amekiandika.

Wenzetu wa Kilimani waliligundua hili mapema. Unakumbuka Novemba 2014, yule dada aliyevuliwa nguo na makanga stejini hapo tao? Video ikazunguka nchi nzima. Kilimani Mums, lile kundi la Facebook la kina mama wa kuulizana dawa ya homa ya mtoto, wakaitisha maandamano. Tarehe 17 Novemba wanawake wakajaa barabarani na lile neno lao la My Dress My Choice. Mimi nilikuwa tao siku hiyo, nikaona watu wanakuja mbio, nikadhani ni kanjo. Nilikimbia mpaka Ngara. Kiatu kimoja kilibaki River Road, na ndicho kilichokuwa kizima. Lakini ona walichofanya: mwezi uliofuata Bunge likaweka sheria kwamba kumvua mtu nguo kwa nguvu ni jela, si chini ya miaka 10. Sasa hiyo ilikuwa siasa ama ilikuwa mambo ya kina mama? Admini angefuta ama angeacha? Na sifa nayo ina deni lake. Leo ukilitafuta jina hilo unakuta makundi kadhaa, kila moja linajiita Kilimani Mums, na ukiingia huwezi kujua ni wapi unauziwa viti na ni wapi unaanikiwa ndoa yako.

Sisi ufa wetu ulianza Januari 2024. Wanawake walikuwa wameuawa mfululizo, nchi ikachoka, na tarehe 27 Nairobi ikajaa watu wenye nguo nyeusi. Pale Jeevanjee, Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, akasimama ahutubie. Akazomewa hata akashindwa kusema. Walimwambia alikuwa kimya wakati wenzake wanauawa. Jirani, mimi jioni hiyo sikula. Simu ilipata moto nikaishika kwa kitambaa cha sufuria. Kambi moja inasema: huyu ni mwanamke mwenzetu, mkimzomea yeye wanaume watatusikiaje? Kambi ya pili inasema: tulimchagua atusemee, hakutusemea, kuwa mwanamke si risiti. Wa tatu akatuma picha ya maua na "Asubuhi njema", saa nne usiku. Huyo ndiye niliyetamani kumtoa, lakini kidole hakina maoni.

"Wote wawili wako sawa," nikamwambia Mama Watoto. Akaniangalia vile mtu huangalia chapati iliyoungua upande mmoja. "Nimekuuliza?"

Mama mkwe alikuwa ametutembelea wakati huo. Mama mkwe akiwa ndani ya SQ ya chumba kimoja, mimi hulala kwa keateka. Basi yeye akasema, ninyi mnafikiri mmeanza leo? Yeye alikuwa kwenye chama cha Maendeleo ya Wanawake tangu akiwa msichana. Julai 1985 alikuwa nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi akiuza vyondo, wakati wanawake wa dunia nzima walipokuja kwa ule mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa. Anasema pale kwenye nyasi za chuo palipigwa hema, likaitwa Hema la Amani, na ndani yake Waisraeli na Wapalestina walikuwa wanaketi kuzozana ana kwa ana. Yeye haelewi walichosema, lakini waliponyamaza walitoka nje wakanunua vyondo. Na kule KICC, ambako Margaret Kenyatta ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mkutano mzima ulitaka kuvunjika dakika za mwisho kwa sababu ya neno moja tu kwenye waraka, Uzayuni. Wakenya wakapendekeza litolewe, liwekwe "aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi". Likapita. Watu wakaenda nyumbani.

Nikasema moyoni, kumbe admini wa kwanza alikuwa wetu.

Lakini mama mkwe hakuishia hapo. Akasema 1987 Maendeleo ikaunganishwa na KANU, chama tawala. Mimi 1987 naijua kwa Gor Mahia kuleta Kombe la Mandela. Sikujua kina mama nao walivishwa jezi mwaka huohuo. Halafu 1989 Wangari Maathai akapinga lile jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza Uhuru Park. Wabunge wakasema yeye na wenzake ni kikundi cha wanawake walioachika. Rais Moi akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza. Na viongozi wa Maendeleo nao wakajitokeza kumkemea.

"Na wewe, Mama?"

"Nilipiga makofi."

"Na 2004 alipopewa Nobel?"

"Nilipiga makofi tena." Akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Wanaume wenzangu wa kwa kinyozi wakisikia hadithi hizi hupiga mapaja. Unaona? Wanawake hawapendani! Mimi nimo kwenye grupu la tuliosoma pamoja shule ya msingi. Lilianza kwa harambee ya mazishi. Leo ni magrupu manne, mawili kwa sababu ya Raila na Ruto, moja kwa sababu ya Arsenal, na moja sijui kwa nini lakini nilitolewa. Sijasikia mtu akisema wanaume hawapendani. Sisi tukirushiana viti ni misimamo. Wao wakibadilishana maneno juu ya mbunge, ni wivu.

Sasa twende kwa ile siku grupu lilipasuka kweli. Unajua Novemba 2024 mishahara ya chini ilipandishwa kwa asilimia 6. Dada mmoja anayefanya kazi ya nyumba huko ghorofani, mpole, hajawahi kuandika zaidi ya "Amina", akatuma picha ya karatasi ya serikali. Chini akaandika: "Naomba kuuliza." Basi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili vyenye mafuta. Jiji la Nairobi, kwa mwezi, shilingi 16,113.75. Nikasoma orodha ya wanaohusika kwa sauti: mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumba, tarishi, mlinzi wa mchana.

Nikasoma tena hapo mwisho.

Mlinzi wa mchana.

Mama Watoto akaacha kusukuma. Mimi nikakohoa, nikaendelea na kazi.

Tiki za buluu zikajaa, na kimya kikajaa. Halafu wakaanza. "Admini, kanuni ya nne." "Hili ni grupu la kujengana." "Mambo ya mishahara ni ya inboksi." Watu walewale waliokuwa kambi mbili tofauti juu ya Passaris, sasa ni kambi moja! Kisha wiki hizohizo likaja tangazo la maandamano ya tarehe 10 Desemba. Polisi wenyewe walikuwa wametoa hesabu ya wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba. Hapo hakuna wa kucheka, hata mimi. Mama wa ghorofa ya sita, aliyerudishwa kwa sababu huagiza chapati 20 kila wikendi, akaandika kwa uchungu mzuri kabisa: "Tutoke sote, tuvae nyeusi." Mioyo ikafurika. Moyo, moyo, moyo. Na yule dada mpole akajibu: "Madam, na watoto nitabaki nao mimi?"

Ungeisikia simu. Wengine wanasema huyu ametumwa. Wengine wanasema hapana, huyu ndiye tulipaswa kumsikia kwanza, kwani anayeuawa huko mitaani ni wa ghorofa gani? Mmoja akaandika insha yenye maneno siyajui, nikairukaruka. Mwingine akasema mshahara na mauaji ni vitu viwili tofauti. Mwingine akamjibu, asiye na nauli ya kuondoka kwa mume anayempiga atakwambia ni kitu kimoja. Watu kumi wakatoka kwa mpigo. Na wote wananielekea mimi: admini, fanya kitu. Admini, futa. Admini, ukifuta tunahama.

Nikakumbuka wale Wakenya wa 1985. Nikasema, mke wangu, tutoe hiyo 16,113.75, tuweke "malipo yanayofaa". Kila mtu atalala.

Mama Watoto akaweka kijiti chini. "Na wewe ni ujumbe wa nchi gani?" Akajifuta mkono mmoja kwenye leso, jambo ambalo halijawahi kutokea, akanipokonya simu. Akafuta mwenyewe. Hakufuta picha ya dada. Alifuta kanuni ya nne. Unga ukabaki kwenye kioo, mpaka leo herufi ya A haikubali kubonyezwa.

Wa ghorofani wengi wakahama, wakaanzisha lao. Nimesikia kanuni yake ya kwanza ni hakuna siasa. Tarehe 10 wengine wa huko na wengine wa huku walikutana tao, wote wakapigwa tiagesi bila kuulizwa ni wa grupu gani.

Nilijaribu kuomba malipo. Nikamwambia Mama Watoto kuna vijana hapa hapa Nairobi walikuwa wanafuta machafu ya Facebook kwa dola moja na nusu hivi kwa saa, jarida la TIME likawaandika Februari 2022, na Daniel Motaung akawapeleka Meta na Sama kortini. Nikasema hata mimi kazi hii inaniharibu akili, usiku naota emoji. Akasema, "Chapati ngapi umekula leo?" Kesi ikaisha hapo.

Juzi usiku ikaingia inboksi. Yule wa ghorofa ya sita. Hakusalimia. "Admini, hiyo 16,113.75, kodi ya nyumba iko ndani?" Mama Watoto akiwa kwenye unga akaniambia, mwandikie haiko, nyumba ni kando. Nikaandika, nikizunguka ile herufi ya A kadiri nilivyoweza. Tiki mbili. Buluu. Hakujibu.

Asubuhi gari lake likafika getini. Nikasimama wima, saluti. Kioo kikashuka. Nikajua leo ndiyo leo, amenijua kwa makosa ya herufi. Akaniangalia kofia, akaniangalia viatu, vile nilivyopewa na mpangaji aliyehama.

"Soja, na wewe unalipwa ngapi?"

Nikaangalia kushoto. Nikaangalia kulia. Supavaiza wetu alikuwa kwenye pikipiki pale kona, anakunywa soda yangu.

"Madam," nikasema, "hiyo ni siasa."