Yakuti Isiyo Yakuti

Desemba 2024, mjini Dallas, Marekani, jozi moja ya viatu vyekundu ilipigwa mnada kwa dola milioni 28. Ukiongeza ada ya dalali, milioni 32.5. Dalali naye ana watoto, jamani.

Ni viatu alivyovaa mwigizaji Judy Garland katika filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Vinaitwa viatu vya yakuti, ila yakuti haimo hata punje. Kinachometameta ni vidude bapa vilivyoshonewa kitambaani. Kwenye kitabu kilichozaa filamu hiyo vilikuwa vya fedha. Watengenezaji filamu wakavifanya vyekundu, wapate kuringia teknolojia yao mpya ya filamu za rangi.

Mwaka 2005 mwizi mmoja alivunja jumba la makumbusho huko Minnesota akaondoka navyo, akidhani amepata vito. Mnunuzi wa mali za wizi akamwambia ukweli. Hazikupita siku mbili, mwizi akaachana navyo. FBI walivipata mwaka 2018.

Mwizi huyu namhurumia. Katika kisa kizima ndiye aliyeuliza swali la maana: hivi vimetengenezwa kwa kitu gani? Alipojibiwa, akaonekana mjinga. Tajiri aliyevinunua Dallas alijua fika kwamba hakuna kito, akalipa hivyo hivyo, akashangiliwa.

Na wala si vya pekee. Jozi zinazojulikana kubaki ni 4. Wewe msomaji, kama unataka yako, anza kudunduliza leo. Na usisahau ada ya dalali.