Tilapia Hakuomba Maji Mapya

Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba vidimbwi vya samaki katika maeneo bunge 140: vidimbwi 200 kila eneo, kila kimoja mita 300 za mraba. Wimbi hilo lilifika hadi Ukambani, ambako mito mingi ni mchanga mtupu miezi kadhaa ya mwaka na maji hufukuliwa kwa kata. Tilapia akaletwa hapo bila kuulizwa. Nyuma yake ukafuata ushauri wa watu wenye mito ya mwaka mzima: maji ya samaki yabadilishwe kila mara, hata kama yana afya. Wafugaji wa matumbawe kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani nao wamebishana sana juu ya jambo hilohilo, ila wao wakishindwa hoja hufungua bomba. Kitui, hukohuko Ukambani, hoja hii hubebwa na punda.

Tupige hesabu. Kidimbwi cha mita 300 za mraba chenye kina cha mita moja kina lita 300,000. Asilimia 10 kwa wiki ni lita 30,000, yaani mitungi 1,500 ya lita 20. Punda mwenye mitungi minne ataenda mtoni safari 375, na Jumatatu aanze upya. Kwa jasho lote hilo umepata nini? Ukitoa sehemu moja ya kumi ya maji umetoa sehemu moja ya kumi ya uchafu, tisa zimebaki, na jioni unarudi na karai la pumba. Kinachochafua ni hilo karai. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, bakteria huigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, na mwani hujilia. Kazi hiyo inafanyika bure mradi chakula kisizidi uwezo wa wafanyakazi. Kwa hiyo pima kwanza: zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni karibu na hapo, kijani hicho ni chakula, si aibu ya kufichwa mgeni akija. Kikipotea kabla maji hayajafika nusu ya mkono, acha kulisha.

Utaambiwa: mbona alfajiri samaki wanapanda juu kuhema, na wakimwagiwa maji ya kisima wanapona? Wanahema kwa sababu usiku kucha mwani nao umekuwa ukivuta oksijeni. Maji yanayotoka chini sana ya ardhi mara nyingi hayana oksijeni ya maana. Yanapata hewa yakianguka kutoka juu kwa kishindo. Kilichowaokoa ni kishindo. Maji yaleyale ya kidimbwi, yakichotwa na kumwagwa kutoka juu, yangefanya kazi hiyo, na punda angelala.

Pingamizi lenye uzito ni la chumvi, na hapo nalegeza kamba. Visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Jua la Septemba likivuta milimita 5 tu kwa siku, kidimbwi kimepoteza lita 1,500, mitungi 75. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi inabaki, na unaongeza nyingine kila unapojaziliza. Kwa sababu iyo hiyo wenye matumbawe hujaziliza maji yaliyochujwa chumvi. Tilapia ni mvumilivu kuliko matumbawe, lakini uvumilivu una kikomo. Basi jaziliza kwa maji ya paa, na mvua za Novemba zikija acha kidimbwi kifurike. Hayo ni mabadiliko ya maji, nakubali, ila yamefanywa na mawingu.

Mtu wa Makueni mwenye bustani atanicheka: yeye huchota maji ya kidimbwi kila wiki na hapati hasara, kwa kuwa yanakwenda kwenye sukuma wiki yakiwa na mbolea ndani. Yuko sahihi kabisa, na aendelee. Ila asiseme anawabadilishia samaki maji. Anamwagilia bustani, na siku ya kuchota inapangwa na majani yaliyonyauka. Samaki wanapunguziwa tu nyumba.