Kochi la Msimbazi

Nyumbani kwetu Tabata dirisha la usajili hufunguliwa mapema kuliko lile la TFF, na anayelifungua ni mama mkwe. Ligi ikiisha tu, yeye keshajua nani anakuja Yanga, kasaini miaka mingapi na nyumba kapangiwa mtaa gani. Habari huzipata kwa muuza maandazi wa asubuhi, kwa redio ya jikoni na kwenye simu ya mjukuu wake wa kike, Yanga mwenzake. Mume wangu ni Simba wa kurithi kwa marehemu baba yake, na mtoto wetu wa kiume kafuata nyayo. Mimi ni mtu wa Tanga, Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu iliyobeba ubingwa mwaka 1988 na tangu hapo inatufundisha subira. Kwa hiyo wakibishana, mwamuzi ni mimi, na kama waamuzi wote wa nchi hii, natukanwa na pande zote mbili.

Kiangazi cha 2024 kilitukuta vibaya. Novemba 2023 Simba walikuwa wamepigwa 5-1 na Yanga, kipigo kilichomwondoa kocha Robertinho siku chache baadaye. Akaja Abdelhak Benchikha, Mwalgeria mwenye jina kubwa barani, naye Aprili akafungasha virago. Ligi ilipomalizika Simba walikuwa wa tatu, pointi sawa na Azam ila tofauti ya mabao ikawaangusha, na Yanga wakabeba kombe lao la 30. Mume wangu akawa anakula kimya, anaosha mikono kimya, anakwenda kulala. Mama yake, kwa huruma ya mzazi, akawa anamwongezea nyama na kumwita "mwanangu wa tatu," ilhali yeye ndiye kifungua mimba.

Kisha Simba, pale Msimbazi, wakaamua kufyeka. John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Sadio Kanoute, Luis Miquissone, wote wakapewa mkono wa kwaheri. Henock Inonga akaenda FAR Rabat ya Morocco. Clatous Chama mkataba wake ukaisha, na Julai ilipoingia tu Yanga wakamtambulisha akiwa na jezi ya kijani. Mama alipiga vigelegele hadi jirani wa ukuta wa pili akaja kuuliza mahari imelipwa kiasi gani.

"Kazeeka huyo," mume wangu akasema. "Miaka 33. Wamechukua pensheni."

Huyu Chama ndiye ambaye kwa miaka alikuwa Mwamba wa Lusaka nyumbani kwetu. Goli lake moja na Kaizer Chiefs liliweza kutuchelewesha kula chakula cha usiku. Leo kazeeka.

Katika hali hiyo ya kutaka kila kitu kipya ndipo zamu ya mume wangu ya mchezo wa kupeana hela kazini ilipofika. Hakuniuliza. Alikwenda Keko kwa mafundi wa samani akaagiza kochi la L, mbao ya mninga, kitambaa cha velveti, rangi nyekundu. Alichorewa la vipande viwili vinavyofungwa kwa boliti akakataa, akataka kitu kizima kisicho na kiungo, kwa sababu kiungo ndicho kinachovunjika. Fundi alimuuliza vipimo vya sebule akapewa. Vipimo vya mlango hakuna aliyevitaja.

Kochi likaja kwa kirikuu jioni moja ya mwanzoni mwa Julai, siku zile ambazo Simba walikuwa wamemtangaza kocha mpya, Fadlu Davids. Vijana wa mtaani wakalibeba kwa shangwe. Upande mfupi wa L ukaingia mlangoni, kona ikafuata, halafu likagota. Wakalisukuma, likaingia kidogo na kukwama pale ambapo haliendi mbele wala halirudi nyuma. Fremu ilikuwa imeshika mkono wa kochi, na geti la nondo limeshika mgongo.

Ndani alibaki mama mkwe na binti yetu. Nje tulibaki mimi, mume wangu, mtoto wa kiume, dereva wa kirikuu anayedai hela yake, na nusu ya mtaa. Mlango wa uani upo, lakini una komeo la ndani.

"Mama, tufungulie uani," mume wangu akaita kupitia upenyo uliobaki juu ya kochi.

Tukasikia kochi linalia. Mama alikuwa amelikalia, upande ule uliotangulia kuingia.

"Laini," akasema. "Haya, mwanangu. Nifungue kuna nini huko nje?"

"Kuna sisi, Mama."

"Kuna nyinyi wa tatu. Nitafungua ukisema Chama ni mchezaji."

Watu wakacheka na hakuna aliyeondoka. Jirani mmoja alikwenda kuleta kigoda, akakiweka chini ya muembe kama mtu aliyenunua tiketi. Ndivyo mjadala wa usajili wa mwaka huo ulivyofanyika nyumbani kwetu: Yanga ndani, Simba nje, kochi jekundu katikati.

Mama alianza na hesabu zake. Gamondi yupo, kocha aliyewapa ubingwa na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Stephane Aziz Ki, mfungaji bora kwa mabao 21, anaongeza mkataba. Juu ya hao kaja Chama, kaja Prince Dube aliyewahi kuwa wa Azam, anakuja Jean Baleke aliyewahi kuwafungia Simba. Nyumba imejengwa, wanapaka rangi tu.

Mume wangu akajibu kwa majina ambayo bado yalikuwa yanampiga chenga ulimini. Jean Charles Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast. Steven Mukwala, Mganda aliyekuwa anazifumania nyavu kwa Asante Kotoko ya Ghana. Joshua Mutale kutoka Power Dynamos ya Zambia. Debora Fernandes, ambaye binti yetu alidhani ni wa timu ya wanawake. Wote vijana, wote wana njaa.

"Na kocha?" akauliza mwenye kigoda. "Huyu si alikuwa msaidizi?"

Hapo mtaa ukagawanyika. Ni kweli, Fadlu alitoka Raja Casablanca akiwa msaidizi wa Josef Zinnbauer, na kabla ya hapo walikuwa pamoja Orlando Pirates na Lokomotiv ya Moscow. Kwa shabiki wa Simba aliyezoea kuletewa majina makubwa, kuletewa msaidizi ni sawa na kuambiwa bwana harusi kashindwa kufika, kaja mpambe. Mimi sikuliona hivyo, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama na mtungi wa gesi mkononi nikisubiri kuingia kupika, nikasema. Raja ya msimu ule ilimaliza ligi nzima ya Morocco bila kupoteza mechi, na msaidizi ndiye anayeshinda uwanjani na wachezaji asubuhi hadi jioni. Isitoshe, alipokuwa kocha mkuu Maritzburg United, timu ndogo ya Afrika Kusini, aliifikisha fainali ya Kombe la Nedbank mwaka 2018. Kikosi cha watoto wageni, wasiojuana hata lugha, kinataka mtu wa namna hiyo. Mzee wa jina kubwa angekaa Novemba moja akaondoka.

"Mgosi kaongea," akasema mama kutoka ndani. "Lakini wa Tanga nyie mna uchungu wa Lawi."

Uchungu ninao, siwezi kuuficha. Simba walimtangaza beki wetu, Lameck Lawi, na picha ikatoka. Coastal wakasema hela haikuingia kwa wakati, biashara hakuna, na kijana akapelekwa majaribio Ubelgiji, KAA Gent. Kesi ikaenda mbele ya kamati ya TFF. Awesu Awesu naye akagombaniwa na KMC, Yusuph Kagoma akagombaniwa na Yanga wenyewe. Dirisha zima Simba walikuwa wanapiga picha kwanza na kusoma mkataba baadaye. Mtindo huo ninaufahamu. Ulikuwa umekwama mlangoni kwangu, velveti nyekundu.

Na hapo ndipo ninapokosana na watu wa pande zote. Wao mchezaji humpima kwa kelele za siku ya utambulisho. Mimi nauliza anakuja kukaa wapi na nani anampisha. Chama ni fundi wa mpira, hilo hata mume wangu analijua akiwa peke yake bafuni. Lakini Yanga tayari walikuwa na Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli katika eneo lilelile. Chumba kimejaa, na umemleta mgeni wa heshima ambaye huwezi kumlaza sebuleni. Simba vyumba vilikuwa vitupu hata godoro hakuna, kwa hiyo yeyote aliyekuja alipata pa kulala. Mtoto kama Ahoua anakosea mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado anapangwa, kwa kuwa hakuna mwingine.

Niliyasema hayo kwa sauti. Nje wakaniambia nimekuwa Simba. Ndani nikaambiwa chumvi nitaipata usiku huo kwa Fadlu.

Adhana ya Isha ndiyo iliyotuokoa. Mama hawezi kuswali na mgogoro moyoni. Tukasikia komeo la uani.

"Sijasema lolote kuhusu Chama," mume wangu akamwambia alipopita jikoni.

"Umenyamaza vya kutosha," akajibiwa.

Usiku ule mlango wa mbele ulilindwa na kochi lenyewe. Mwizi angehitaji msumeno. Asubuhi fundi wa Keko alikuja na wake, akatoa shikamoo kwa mama, akatoa futi mfukoni, akapima fremu, akapima kochi, akamtazama mume wangu muda mrefu bila neno. Kisha akalikata kwenye kona. Upande mfupi ukaingia ndani na kuwekewa mguu mpya. Ule mrefu, hata baada ya kukatwa, uligoma kupindia kwenye korido, ukarudishwa barazani na hadi leo uko huko, umefunikwa turubai mvua inaponyesha. Mama aliutandika wa ndani kanga yake ya kijani na njano siku hiyohiyo, kabla vumbi la mbao halijatua.

Agosti 3, Simba Day, baraza lilijaa fulana nyekundu na kelele za "Ubaya Ubwela." Agosti 8, kwenye Ngao ya Jamii, Maxi Nzengeli akafunga, Yanga 1-0, baraza likabaki na paka. Oktoba 19 ikawa chungu zaidi: dakika za lala salama, mpira wa Yanga ukamgonga Kelvin Kijili, mmoja wa wale wapya, ukajaa wavuni. 1-0 tena. Mwenye kigoda akatamka kwamba kocha msaidizi ni msaidizi tu.

Mimi nikasema ngojeni. Wiki chache baadaye Yanga walifungwa na Azam, wakafungwa 3-1 na Tabora United, na Gamondi, yule aliyekuwa nyumba iliyokwisha kujengwa, akaondolewa. Akaja Sead Ramovic. Februari Ramovic akakimbilia Algeria, akaja Miloud Hamdi. Makocha 3 msimu mmoja, wakati Fadlu yuko palepale anawapanga watoto wake. Chama mara nyingi alianzia benchi, kama nilivyosema. Simba wakavuka hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, na ile mechi ya marudiano pale Zanzibar, Mutale alipowafunga RS Berkane mapema, baraza langu liliruka hadi ubavu mmoja wa kochi ukatoka. Mechi iliisha 1-1. Wamorocco walikuwa wameshinda 2-0 kwao, kombe likaondoka nao. Ahoua alimaliza ligi na mabao 16, mfungaji bora.

Nikajiona nabii, nikaanza hata kuvaa miwani nikiangalia mpira. Tatizo ni Yanga. Pamoja na chumba kilichojaa, pamoja na makocha 3, Juni 25 waliwapiga Simba 2-0 na kubeba ubingwa kwa pointi 82 dhidi ya 78. Nadharia yangu yote ya nani anampisha nani ilikaa mezani, na mama akaweka sahani ya pilau juu yake.

"Kumbe chumba kikijaa ndiyo raha, Mgosi," akasema. "Akichoka mmoja, wa pili anaamka."

Sikuwa na jibu zuri, na silazimiki kuwa nalo. Coastal hawajawahi kuwa na tatizo la kujaza chumba.

Mume wangu alijifariji kwamba sasa angalau kikosi kimetulia, hakuna tena kufyeka. Dirisha likafunguka. Chama aliondoka Yanga kwenda Singida Black Stars, na siku hiyo mume wangu alipita sebuleni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akipiga mluzi. Mama hakusema kitu. Alikuwa anaijua habari nyingine, ya maandazi ya asubuhi. Haikuchukua muda, Yanga wakamtambulisha Mohamed Hussein, Tshabalala, nahodha wa Simba, beki wa kushoto aliyekuwa pale Msimbazi tangu mtoto wetu hajaanza shule.

Mume wangu alikuwa barazani, kwenye upande wake wa kochi, simu mkononi. Aliitazama ile picha, akaikuza, akaipunguza. Ndani kwenye kanga ya kijani na njano mama alimeza chai yake taratibu, akasogea dirishani.

"Mwanangu," akaita. "Na huyu naye kazeeka?"