Udaktari wa Kwanta, Mtaa wa Kongo

Tangazo la udaktari wa sayansi ya kwanta linataka shahada ya uzamili, wadhamini wawili na "shauku". Shauku ipo tele pale stesheneri ya Mtaa wa Aggrey, kijana akiskani vyeti vyake huku feni ikimpulizia joto. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 mwaka wa kimataifa wa sayansi hiyo. Kariakoo hatukusherehekea, tulikuwa na wateja. Nafasi zenyewe ziko Delft, Zürich, na karibu zaidi, Johannesburg, ambako Chuo Kikuu cha Witwatersrand kiliingia mtandao wa kwanta wa IBM mwaka 2019.

Nadharia haitupi shida. Kitu kuwa katika hali mbili mpaka kipimwe? Meza ya mmachinga ipo na haipo mpaka mgambo atokee.

Kazi iko kwenye ubaridi. Kompyuta za kwanta za IBM hupozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri. Muuza maji wa Msimbazi, ambaye barafu yake haivuki saa sita mchana, alipoelezwa akauliza: "Na umeme ukikatika, kaka?"

Hilo peke yake ni andiko la utafiti, na halihitaji wadhamini.